Mlango wa Lotte na Mlango wa Senta

Tulipokuwa tukimwosha Chausiku, mmoja wa wajukuu zake, binti anayesoma, aliuinua mkono wa kulia wa marehemu ili maji yapite kwapani, akasita. Kuanzia kwenye kiwiko kushuka chini nyama ilikuwa imebonyea na ngozi imekunjamana juu yake, ikang'aa kama ngozi ya mtu aliyeungua. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama bibi yake aliwahi kuanguka motoni. Nikamwambia amimine maji, hayo tutayasema baadaye. Tukamvisha sanda, wanaume wakamchukua, sisi wanawake tukabaki mikekani tukila wali wa msiba, na yule binti hakusahau. Alikuja akakaa karibu na goti langu. Nikamwambia kwa kifupi kwamba bibi yake aliumwa na mbwa zamani za Mjerumani. Alishangaa, maana bibi aliyemjua yeye hakuruhusu mbwa hata apite nyuma ya choo. Hapo nikaelewa kwamba Chausiku hakuwasimulia wanawe wala wajukuu zake, na kwamba katika wote tuliokaa ndani ya nyumba ile, sasa nimebaki mimi tu.

Nyumba yenyewe ilikuwa juu ya Kilakala, pale mlima unapoacha kubembeleza na kuanza kupanda kwelikweli. Ilijengwa kwa mawe, ikaezekwa bati, ikazungushiwa baraza pande zote. Ukiingia ulikutana na ujia mrefu mwembamba uliokata nyumba katikati kutoka baraza ya mbele mpaka ya nyuma, na vyumba vyote, vya huku na vya huku, vilifungukia humo. Ukitaka kwenda popote, lazima upite ujiani. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu mabaya yote ya mwaka ule yalitokea kwenye ujia huo. Mwenye nyumba alikuwa msimamizi wa machimbo ya ulanga, yale mawe yanayometa na kubanduka kama kurasa, ambayo watu wetu waliyachimba milimani na kuyateremsha kwa vichwa mpaka stesheni. Kwa hiyo tulimwita Bwana Ulanga. Mkewe tulimwita Bibi, basi. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye ngozi iliyowashwa na jua mpaka akawa hatoki nje ila jioni.

Ya kwetu sitayaeleza sana. Yatosha kusema kwamba kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Mjomba wangu alikuwa jumbe aliyewekwa na boma. Asubuhi moja aliniita nikiwa nimetoka kuchuma kisamvu, akaniambia Bwana Ulanga anataka msichana wa kazi za ndani, na amemwagiza yeye amtoe.

"Nisipompa mtu," alisema, "nitalazwa kifudifudi barazani kwa boma nipigwe hamsa ishirini mbele ya watu wangu. Na wewe ukienda kisha ukatoroka, ni hayo hayo. Umenisikia, Mwanamvua?"

Nilimsikia. Hamsa ishirini, vile viboko ishirini na vitano vya Mjerumani, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Tulikuwa tumewaona watu wazima wakirudi kutoka bomani wakitembea kwa kutanua miguu, hawawezi kukaa kitako, na watoto wao wakijifanya hawaoni. Nilifunga kanga zangu nikaenda. Nilidhani naenda kufagia na kuchota maji. Sikujua kwamba naenda kufungiwa chumbani na mbwa.

Walikuwa mbwa jike wawili, mama na mwanawe. Mama, Lotte, alikuja na Bibi melini kutoka kwao Ulaya, mbwa mwenye rangi ya majivu, mnene wa kifua, mwenye masikio yaliyolala. Senta alizaliwa hapo hapo Morogoro. Ndugu zake waligawiwa kwa Wazungu wa mashambani, mmoja mpaka Kisaki, ila Senta akabakizwa kwa sababu Bwana alimpenda. Chausiku, aliyeanza kazi kabla yangu, alinieleza kwamba mwanzoni walikuwa wakilala wameegemeana kama viatu vya mtu mmoja. Kisha Senta akapevuka. Siku moja waligombana juu ya mfupa, watu wakacheka. Mara nyingine waligombana juu ya mkeka. Baadaye haikuhitajika tena sababu. Ilitosha mmoja apishane na mwenzake mahali pembamba, au mgeni abishe hodi, au Bwana amwite mmoja mbele ya mwingine. Sisi tuliozoea mbwa wa kijijini tulijua ugomvi wa kelele nyingi na mikia kufyatwa, aliyeshindwa anakimbia, mambo yamekwisha. Hawa hawakupiga kelele. Mmoja alisimama akakaza miguu, manyoya ya mgongoni yakainuka, akamkazia mwenzake macho, na kabla hujaita mtu walikuwa wameshikana. Na wakishikana hawakuachia.

Kwa hiyo nyumba iliwekewa sheria. Lotte alikaa upande wa kushoto, chumbani kwa Bibi, na mimi nikawa wa kumwangalia. Senta alikaa upande wa kulia, katika chumba cha bunduki na viatu vya Bwana, naye Chausiku akawa wa kumwangalia. Hapakuwa na siku walipokuwa nje pamoja. Kabla ya kugusa kitasa, mtu alitakiwa kuita, "Mlango!" Wa upande wa pili alimshika mbwa wake ukosi, ule mkanda wa shingoni, akalisukuma goti kwenye mlango wake, akajibu, "Umefungwa, pita!" Ndipo ukatoka. Ukiwa unarudi, vivyo hivyo. Mzee Feruzi, mpishi, alileta chakula mpaka ukingoni mwa baraza ya nyuma, akaita, akaacha sinia chini, akarudi jikoni kwake akajikomea. Alikuwa ameapa kwamba hatatia mguu ujiani hata Kaizari wa Wajerumani mwenyewe akija kula.

Leo nikikumbuka mwaka ule, kinachonijia kwanza ni milango: harufu ya mbao zilizopakwa lami, na mwanga mwembamba unaopita chini yake. Nililijua kila fundo la mbao za mlango wangu. Madirisha nayo yalifungwa, kwa maana Senta akipitishwa uani Lotte alikuwa akimwona na kujirusha. Joto la kabla ya masika lilikuwa likituchemsha chini ya bati, mimi nimekaa sakafuni, mbwa anahema, na Bibi kitandani amejilaza na kitambaa cha maji usoni. Kule ng'ambo ya ujia nilimsikia Chausiku akiimba polepole akipaka viatu nta. Ndivyo tulivyofanya urafiki. Kwa muda mrefu nilimjua kwa sauti kuliko kwa uso. Nilipopita ujiani mlango wake ulikuwa umefungwa, na yeye alipopita wangu ulikuwa umefungwa. Tulizungumza kupitia mbao mbili.

"Umekula?" angeuliza.

"Nimekula maharage. Na wewe?"

"Maharage. Huyu wangu kala nyama na wali."

"Na wangu pia."

"Basi tumshukuru Mungu, nyumba haikosi nyama."

Alikuwa mke wa fundi wa reli aliyepelekwa mbele, huko njia ya Kilosa, na alikuwa akimsubiri. Alinisimulia yote kuhusu mume huyo, mpaka anavyokohoa. Mimi nikamwambia habari za mjomba na hamsa ishirini, nikamwambia pia jambo lililonisumbua zaidi ya joto. Nilikuwa nimelelewa kuswali. Sasa nguo zangu zilijaa manyoya na udenda wa mbwa, na kila nilipotaka kusimama kwa Mungu nilijiona sifai. Nilipokwenda kwa mama siku za mapumziko, aliniwekea maji na udongo nje, nisiingie kabla ya kujitoharisha, na wadogo zangu walinusa hewa. Hawakufanya kwa ubaya. Lakini nilianza kutafuta sababu za kutokwenda. Kule kwa Wazungu nilikuwa mtu wa kufungiwa, na kwetu nikawa mtu wa kusimamishwa nje.

Chausiku aliniambia, "Acha vazi lako la kuswalia kwangu, kwenye kamba juu kabisa. Ukitoka jioni pita uoge, hata kama mimi bado niko huku na Senta, uswali, ndipo uende unakokwenda." Chumba chake kilikuwa huko chini Kilakala, karibu na kijito. Ndivyo nilivyofanya mwaka mzima.

Bwana hakukubali kwamba mbwa wanaweza kumshinda. Alikuwa mtu wa kupinda vyuma. Alipokuwa nyumbani, si milimani, alijaribu dawa zake. Aliwafunga kwa minyororo kwenye nguzo mbili za uani, wakitazamana, ili wazoeane. Wakajinyonga kwa kuvuta mpaka macho yakawatoka, na Lotte akavunja jino kwenye chuma. Aliwapiga kiboko walipokaziana macho, na ikawa kila mmoja akimwona mwenzake anajua kipigo kinakuja, basi anawahi yeye kuanza. Alisema akae na Senta machimboni, akampeleka, lakini chui wa kule juu wanapenda mbwa kuliko mbuzi, na alimrudisha kabla ya mwezi kuandama, ana kovu la makucha pajani na hasira mpya.

Kisha alikuja daktari wa boma kumshona Lotte mguu. Alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe, ambaye naye alifuga mbwa. Nilimshika Lotte kichwa wakati wa kushonwa, na Bibi akanifasiria maneno yake. Alisema mbwa jike wa nyumba moja wakishatoana damu namna ile hawapatani tena, mtu asijidanganye. Alituonyesha jinsi ya kuwatenganisha, nami baadaye nikawaeleza Chausiku na Mzee Feruzi. Usiingize mkono kamwe kwenye vichwa, wala usimvute mbwa akiwa ameuma, maana nyama itachanika. Watu wawili, kila mmoja akamate mbwa mmoja miguu ya nyuma, ainue juu kama anasukuma toroli, asimame hivyo, na wa tatu awafunike vichwa kwa shuka iliyoloa. Wakilegeza taya tu, kila mtu arudi nyuma na wake, mlango ufungwe. Akafunga mkoba wake akasema neno la mwisho ambalo Bibi hakulifasiri mara moja. Alilisema baadaye, anaangalia dirisha lililofungwa. "Daktari anasema nyumba hii iwe na milango mizuri, au iwe na mbwa mmoja."

Ni nani angeondoka, hapo ndipo palipokuwa na kesi. Lotte alikuwa wa Bibi, Senta wa Bwana. Mezani walizungumza Kijerumani, na mimi nilikuwa nimekwisha kujifunza kusikia majina mawili katikati ya maneno mengine. Lotte, Lotte, Senta. Kisha kijiko kuwekwa chini. Nilianza kufahamu kwamba walipotaja mbwa hawakuwa wakisema mbwa tu. Bibi alipokuwa peke yake na mimi alijifunza Kiswahili kwa kuniuliza. Siku moja aliuliza mtu anasemaje akiwa ndani na hawezi kutoka.

"Amefungwa," nikamwambia.

"Na kama hakuna aliyefunga?"

Nilimwambia tunasema amenasa, kama ndege kwenye ulimbo. Akalirudia mara kadhaa, nimenasa, nimenasa, kama mtu anayejaribu kiatu. Tumbo lake lilikuwa limeanza kuonekana wakati huo.

Masika yalipoingia Bwana alikuwa milimani. Mvua ilinyesha siku kadhaa mfululizo, mito ikajaa, na sisi tukakaa ndani ya mlio wa bati mpaka ikabidi tupaze sauti ili tusikizane mlangoni. Alasiri moja mvua ilipopungua, Bwana alirudi ghafla pamoja na wageni wawili wa Kizungu, wamelowa, wanacheka kwa nguvu. Senta alisikia sauti yake akaanza kulia na kukwaruza mlango. Lotte akasikia Senta. Nilimshika ukosi Lotte, nikaita, "Mlango!" Chausiku akajibu, "Umefungwa!" Bibi naye akaita kwa Kijerumani kutoka chumba cha chakula. Nakumbuka jinsi Bwana alivyosimama ujiani, viatu vikitiririka maji, akawaambia wageni neno, nao wakacheka. Kisha kwa Kiswahili, ili sisi tusikie: "Nyumba ni yangu. Mlango ni wangu." Akafungua mlango wa chumba cha bunduki.

Senta alitoka kumlaki bwana wake, hakuwa na nia nyingine. Lakini ule mlango ulipogonga ukuta, Lotte alijichomoa kwangu, ukosi ukanibakia mkononi, na mlango wangu ambao kitasa chake kilikuwa kimelegea kwa unyevu ukampisha. Walikutana katikati. Lotte alimkamata Senta shavuni, Senta akamkamata Lotte sikio na ngozi ya shingo, wakatulia hivyo, wanatetemeka, hawatoi sauti ila pumzi za puani. Wageni walirudi barazani. Bwana akaanza kumpiga Lotte kwa kitako cha bunduki, na kila pigo lilimfanya aume zaidi. Bibi alikuja mbio kutoka chumba cha chakula, akateleza kwenye maji ya viatu, akaanguka kwa magoti pale pale kwenye vichwa vyao. Senta aliachia kupata pumzi na kushika upya. Uso wa Bibi ulikuwa hapo. Chausiku aliingiza mkono wake katikati.

Hakuwa amesahau maneno ya daktari. Aliniambia baadaye kwamba aliyakumbuka vizuri sana, tena mkono ulipokuwa ukienda. Meno yalishuka chini ya kiwiko. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mwanamvua, miguu," kama mtu anayemwomba mwenzake ampokee mzigo. Nikakamata miguu ya nyuma ya Lotte nikainua. Bwana bado alikuwa ameinua bunduki. Bibi, na tumbo lake lile, alitambaa akazunguka nyuma ya Senta, akamkamata miguu, akasimama naye. Nilimwita Mzee Feruzi, na yule mzee aliyeapa kutokukanyaga ujiani alikuja na kitambaa cha meza kilicholowekwa kwenye ndoo, akawatupia vichwani. Tukangoja. Mikono yangu ilikuwa ikikatika. Nilimtazama Chausiku, naye alinitazama, na ndiyo mara ya kwanza naona kwamba ana mwanya. Kisha taya zikalegea. Nilirudi nyuma na Lotte mpaka chumbani, nikaegemea mlango kwa mgongo, nikasikia mlango wa pili ukifungwa.

Daktari alimshona Chausiku mezani, pale pale wanapolia chakula. Alisema mkono utabaki lakini vidole viwili havitakunjika vizuri. Bwana alisimama barazani na wageni wake, wanavuta sigara, hawacheki tena. Jioni aliingia akatangaza uamuzi wake. Lotte ni mzee na ni mkorofi, atampiga risasi. Si leo, kwa kuwa wageni wapo, bali akirudi kutoka machimboni wiki ijayo. Bibi alikuwa akimfunga Chausiku bandeji. Alimjibu kwa Kiswahili, naye hakuwa akizungumza na mumewe Kiswahili hata siku moja.

"Nimesikia, Bwana."

Lile neno "Bwana" lilimwingia. Alimtazama mkewe kisha akatutazama sisi, akaenda zake.

Alipokwisha kupanda mlima, Bibi alifungasha begi moja. Aliniambia, "Sitazaa mtoto katika nyumba hii." Hakuwa na mtu wa kumchukulia Lotte ila mimi. Nikamfunga kamba, nikatoka naye mchana peupe, Bibi mbele na mwavuli, mimi nyuma na mbwa anayechechemea, tukashuka Kilakala tukapita mjini mpaka stesheni. Wenye maduka walisimama milangoni. Wanawake waliokuwa wakiuza ndizi waliinua matenga yao ili mbwa asiyaguse. Watu waliokijua kijiji chetu waliniona. Nilitamani ardhi inimeze, na wakati huo huo nilitembea kwa haraka kuliko Bibi mwenyewe, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze naenda mahali bila kuita mlango.

Bibi alitaka niende naye Dar es Salaam. Alisema ana rafiki huko, nitapata chumba, hakutakuwa na Senta. Nikamwambia siwezi, nikiondoka mjomba atapigwa hamsa ishirini. Alikunja uso kama mtu aliyesikia neno geni. "Nani kasema?" aliuliza. Lakini treni ilikuwa ikipiga filimbi, na Lotte alikuwa akikataa kupanda behewa la mizigo, tukamnyanyua wote wawili. Bibi alinishika shavu kwa mkono uliokuwa na harufu ya mbwa. Sikumwona tena, wala sikupata kujua mtoto alikuwa wa kike au wa kiume.

Nilirudi kule juu, kwa kuwa sikuwa na pa kwenda kwingine. Chausiku alikuwa amelala kwake na homa ya mkono. Nilimlisha Senta, nikafagia, nikamngoja Bwana kama mtu anayengoja kusomewa hukumu. Aliporudi nilimwambia yote nikiwa nimesimama, mgongo umenyooka: Bibi amekwenda, na mimi ndiye niliyempeleka mbwa stesheni. Niliongeza kwamba kama kuna kupigwa, nipigwe mimi, asipigwe mjomba wangu jumbe.

Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya baraza anavua viatu. Senta akaja kuweka kidevu gotini kwake, kiatu kimoja bado kiko mkononi.

"Apigwe kwa nini?" alisema.

"Nisije nikatoroka. Bwana alimwambia atoe msichana, la sivyo hamsa ishirini."

"Mimi?" Aliniangalia sawasawa, nadhani kwa mara ya kwanza. "Mimi sikuomba mtu. Jumbe wako alikuja mwenyewe. Alisema, nina msichana mzuri, mchukue, na wewe ukitaka wapagazi wa ulanga usichukue watu wa kijiji changu." Akaweka kiatu chini. "Kama unataka kwenda, nenda."

Ilikuwa hivyo tu. Niliteremka ngazi. Nilipofika mahali njia inapokuwa nyembamba nilikaa kwenye jiwe, nikalia kwa hasira ambayo sikujua ninayo. Yule mtu niliyemwogopa mwaka mzima alikuwa na makosa yake, na nimekwisha kuyaeleza. Ila aliyenifungia hakuwa yeye.

Kwa mjomba nilifika wakati wa chakula. Alikuwa amekaa na wazee wawili wa ukoo, wanakula ugali na mboga ya maboga, na mkewe akiwa mlangoni anakoroga chungu kingine. Nilisema shikamoo kwa wote. Wazee wakaitika. Mjomba alinitazama, uso wake ukabadilika.

"Umetoroka?"

"Sikutoroka, mjomba. Bibi amekwenda zake, mbwa naye amekwenda. Bwana ameniruhusu."

Alisukuma sahani. Alifikiri kidogo, kisha akasema kwa sauti ile ile aliyonisemesha siku ya kisamvu. "Haifai. Nyumba ile ikikosa mtu wetu nitaulizwa mimi. Kesho atakwenda Siwema. Ni mdogo lakini anajua kufagia. Nisipompeleka nitalazwa kifudifudi mbele ya watu wangu."

Siwema alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja, hajavunja hata ungo. Wale wazee walitikisa vichwa kwa huruma, kama walivyotikisa bila shaka siku niliyopelekwa mimi. Nilikuwa sijawahi kumkatiza mjomba maneno, wala sijawahi kumwona mtu wa rika langu akimkatiza. Nilibaki nimepiga magoti, na macho chini, lakini nilisema kwa sauti ya kusikika.

"Bwana Ulanga hakuomba mtu, mjomba. Ameniambia kwa kinywa chake. Amesema wewe ndiye uliyekwenda kunitoa, ili kijiji chako kisichukuliwe wapagazi. Kama ndivyo, wazee hawa wajue. Na kama sivyo, boma si mbali, twende sote tukaulize."

Mmoja wa wazee aliacha kutafuna. Mwingine, aliyekuwa mkubwa kwa mjomba kwa umri ingawa si kwa cheo, alimgeukia taratibu akamtazama, na mjomba akaanza kutafuta kitu kwenye mkunjo wa kanzu yake, kitu ambacho hakikuwamo. Nilingoja anipige. Angeweza. Badala yake nilisikia mwiko ukiwekwa juu ya kifuniko cha chungu, na mkaza mjomba, mwanamke ambaye katika miaka yote sikuwahi kumsikia akitoa neno penye wanaume, akasema bila kugeuka:

"Siwema haendi."

Akachukua mwiko akaendelea kukoroga. Yule mzee mkubwa akasema, "Naam," akanawa mikono, akanikaribisha nile. Kupitia mlangoni nilimwona Siwema uani amekaa juu ya kinu kilicholazwa, anamsuka mtoto wa jirani, wanagombania kitana na kucheka. Hakusikia neno. Alikuja kuolewa Turiani, akazaa, akazeeka huko, na mpaka leo sijamwambia.